Picha ya Sifa Kwenye Ukurasa wa Shule

Msichana aliyechukua nafasi yangu shuleni alikuja nyumbani kuniuliza nenosiri la ukurasa wa Facebook. Nilimpa. Alikuwa ameshasimama, mkoba begani, pikipiki inamngoja nje, nikamwambia: "Kaa kwanza, mwanangu. Nimekupa ufunguo wa mlango tu. Hujauliza nyumba ikoje ndani." Akakaa. Haya ndiyo niliyomwambia siku ile, pamoja na yale niliyoshindwa kumwambia kwa sababu alikuwa bado ananicheka kidogo, na mimi sikutaka kumharibia siku.

Ninyi wengine mnaoshika simu za shule hapa Baraka kando ya ziwa, kule Fizi, Mboko, hata Ubwari, nawaandikia pia. Kazi hii mnaiona nyepesi. Picha, maneno mawili, mkono wa kushukuru, basi. Mimi niliifanya mpaka macho yakachoka, na ninawaambia sijawahi kubeba kitu kizito kama ile simu.

Nilikuwa sekretere. Nilianza na mashine ya kupiga chapa, na matangazo ya shule yalikuwa yanasomwa kanisani baada ya misa, au kijana anapita sokoni na kipaza sauti. Halafu shule zikawa nyingi. Kila ukitembea kidogo unakuta kibao kipya, na kila kibao kinaahidi Kifaransa safi. Madarasa yetu yakaanza kuwa na benchi tupu. Mwenye shule, ambaye sote tulimwita Promoteur, alirudi siku moja kutoka Uvira na simu mpya ndani ya boksi lake. Akaiweka mezani pangu.

"Mama Sekretere," akasema, "batoto bako ndani ya hii. Ubatoe."

Sikujua kuwatoa. Picha ya kwanza niliyoweka ilikuwa ya ukuta wa shule, na nusu yake ilikuwa kidole changu. Tangazo la kwanza, la kuwalaumu watoto wanaochelewa, nililiandika kwa Kifaransa kirefu, kama barua ya kwenda kwa mkuu wa wilaya. Kwenye kikundi cha wazazi cha WhatsApp hakuna aliyejibu. Nilidhani wamekasirika.

Aliyenifungua macho ni Mama Anyesi, mzaliwa wa Mboko, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo. Aliuza ndagala kavu, wale dagaa wa ziwa, sokoni, na binti yake Sifa alikuwa mwanafunzi wetu. Alinifuata mpaka biro, ofisini kwangu, na simu yake ndogo mkononi.

"Mama Sekretere, hii barua umetutumia, nani atanisomea? Mutoto ndiye anasoma, na mutoto ndiye mwenye kosa mule ndani. Atanisomea kweli?" Akacheka mpaka akashika meza. "Weye ongea. Tukusikie. Sauti haina shule."

Tangu siku ile nikaanza kutuma sauti. Na hapa shikeni kitu. Sauti iwe fupi. Kwanza jitaje, taja na shule, kwa sababu sauti ikishatumwa haikai kwako, inatembea, na mtu wa tano kuisikia hajui wewe ni nani. Sema kwa Kiswahili, rudia kwa Kibembe. Tuma jioni, watu wakishatoa simu zao kwa wale wanaochaji kwa sola. Wazazi wa Ubwari wanapanda mlima kutafuta mtandao, kwa hiyo usiwapandishe mara tatu kwa habari tatu. Ziweke zote pamoja. Na ukifungua kikundi, kifunge mdomo, msimamizi peke yake ndiye aongee. Mimi nilichelewa kujua hilo. Baba mmoja, mwenye boti, alituma kwenye kikundi cha wazazi sauti aliyokusudia kwa mke wake mdogo, anamwita asali, anamuahidi kitenge. Mke mkubwa alikuwa kwenye kikundi kilekile. Tulimsikia akijibu, kwa sauti pia. Wazazi wengine hawakulala na njaa ya maneno wiki ile.

Nacheka nikikumbuka. Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya kucheka.

Ilikuwa likizo kubwa, karibu na kufungua mwaka wa shule. Promoteur aliniita. Alikuwa amekaa kwenye darasa tupu, kwenye benchi la watoto, magoti yamepanda juu.

"Batu hawalete batoto kwenye ukuta, Mama. Banaleta kwenye sura. Unitafutie sura ya mutoto mwenye furaha."

Nilimfikiria Sifa papo hapo. Paji la uso pana, mwanya katikati ya meno ya juu, na akicheka macho yanafunga kabisa. Nilikwenda kwao kando ya ziwa. Mama Anyesi alikuwa anaanika ndagala. Nilimweleza kwamba picha ya mtoto itatembea, sitajua itafika wapi. Alinawa mikono, akafikiri kitambo kirefu kuliko nilivyotegemea.

"Piga," akasema mwishowe. "Lakini mwenyewe achague ile inamupendeza."

Sifa alichagua ile ambayo ameshika kitabu kifuani na anacheka mtu ambaye haonekani. Aliyemchekesha ni mama yake, aliyekuwa nyuma yangu akiniiga ninavyokunja jicho nikipiga picha.

Picha ile ilienda. Watu wa Fizi wametawanyika, mnajua wenyewe: wako Uvira, wako Bujumbura, wako kambini Tanzania, wako Amerika wanakosafisha mahoteli. Kila mmoja ana ndugu Baraka, na kila mmoja akiona kitu cha nyumbani anakipitisha. Wazazi wakaanza kupiga simu kuuliza sare, kuuliza nafasi ya darasa la kwanza. Promoteur alikuwa anapita kwenye biro langu anapiga makofi mlangoni.

Katikati ya maswali ya sare ikaingia sauti moja ya mwanamke. Nilidhani na yeye anauliza viatu.

"Asalaam alaikum, wa shule. Mi naitwa Zaina. Mi ni mutu wa Ubwari, niko kambini huku Tanzania. Ule mutoto mumeweka kwenye picha… ule mutoto ni wangu. Anaitwa Mwajuma. Siku tulikimbia, boti zilikuwa mbili. Mi nilipanda moja na vitu, mudogo wangu Halima akapanda ingine na mutoto mugongoni. Upepo ukatutenganisha. Sisi tulivuka. Bao hawakufika. Balisema boti yao ilirudishwa upande wa Mboko. Mi nimemulilia mutoto huyu kama mufu. Sasa namuona anacheka. Tafazali, wa shule. Muniambie kama anakula vizuri."

Nilisimama nikafunga mlango. Nikaisikiliza tena nimesimama.

Sikumjibu kwamba ndiye wala siye. Nilimuuliza tu: mtoto wako ana alama gani mwilini? Hilo nalo lishikeni. Msimpe mtu jibu ndani ya swali. Alijibu upesi: kovu kwenye goti la kushoto.

Sifa alikuwa na kovu kwenye goti la kushoto. Nililijua, nilikuwa nimempaka dawa mara nyingi uwanjani. Lakini nikajiambia, mtoto gani wa huku kwetu hana kovu la goti? Na kwenye fomu za shule Sifa ni binti wa Anyesi, kazaliwa Mboko. Nilikwenda kwa Mama Anyesi nikitegemea atanicheka, ataniambia nimechanganyikiwa na hiyo simu yangu.

Hakunicheka. Alisikiliza sauti ile ya kwanza, akaomba aisikie tena, na mimi habari ya goti sikumtajia. Halafu akainama akaanza kugeuza ndagala ambao alikuwa ameshawageuza.

"Nilimuokota Mboko," akasema bila kuniangalia. "Asubui, kwenye muchanga. Boti hakuna, muntu hakuna. Alikuwa mudogo, anatambaa anaenda kwa maji. Nikauliza batu bote pale. Nikauliza kwenye kanisa, kwenye muskiti. Nikangoja huyo mama. Nilingoja sana, Mama Sekretere, nakuapia. Kisha nikaacha kungoja, nikamubatiza."

"Sifa anajua?"

"Hapana."

Akajipangusa mikono kwenye kitenge, akanishika kifundo cha mkono.

"Unipe mpaka Siku ya Mungu. Tukitoka misa nitaenda naye Mboko, pale pale kwenye muchanga, nimuambie mi mwenyewe. Asisikie kwa batu. Naomba hiyo tu."

Nilimwahidi: mpaka Jumapili. Lakini simu ilikuwa ya shule, na sauti ilikuwa imeingia kwenye simu ya shule. Nilipaswa kumwambia Promoteur, na nilimwambia. Sipendi mumwone kama mtu mbaya. Aliposikia sauti ya Zaina alilia mbele yangu, mtu mzima, kwa sababu kaka yake mwenyewe alipotea miaka ileile ya vita na hawakupata hata shati lake. Alisema, "Mama, hii ni Mungu ameshuka." Nikamwambia, tungoje, Anyesi ameomba mpaka Siku ya Mungu, na goti peke yake si ushahidi. Akasema ndiyo, ndiyo, tungoje.

Hakungoja. Na yeye alikuwa na nenosiri. Siku iliyofuata akaweka picha ya Sifa upya, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa kwamba mama amempata mtoto wake kupitia shule yetu, Mungu asifiwe, na chini kabisa: kuandikisha wanafunzi kunaendelea. Baadaye aliniambia furaha ilimzidi, hakuweza kulala nayo. Ninamwamini. Sijui furaha ilikuwa kiasi gani na benchi tupu kiasi gani. Nafikiri hata yeye hajui.

Sifa alisikia kwenye bomba la maji. Wasichana waliokuwa kwenye foleni walikuwa na simu, mmoja akamsomea kwa sauti, wengine wakamshangilia, wakamkumbatia. Walidhani wanampa habari njema. Alirudi nyumbani na bidoni lake la maji, tupu. Mama Anyesi ndiye aliyenisimulia.

"Akasimama mulangoni. Akaniuliza, Mama, ni kweli uliniokota? Na mi, mujinga, nikamuuliza, nani amekuambia? Basi. Ilikuwa imekwisha. Kama ningesema ni uongo, angesadiki. Lakini mudomo ulisema, nani amekuambia."

Tangu jioni ile mtoto hakumwita tena Mama. Alimwita Mama Anyesi, kama majirani wanavyomwita.

Nilimfuata Promoteur, nikasema maneno ambayo mwajiriwa hasemi kwa mwenye kazi. Akaniuliza tu kama tulifute lile tangazo. Lakini Zaina alikuwa ameshaliona kule kambini, wenzake walikuwa wameshampigia vigelegele, walikuwa wameshamchinjia kuku. Kwake lile tangazo ndilo lilikuwa jibu letu. Nilimtumia sauti ya kumwambia asitegemee, tuhakikishe kwanza. Hakunisikia. Mtu akishasikia ndiyo, masikio yake yanafunga.

Tulijaribu kuwakutanisha kwa simu, kwa ile ya kuonana uso, pale biro. Sifa alikaa kwenye kiti changu, amevaa nguo ya kanisani. Mtandao ukaleta uso wa Zaina nusu, ukaganda hivyo, jicho moja na kilemba. Sauti ikapita: "Mwajuma! Mwajuma wangu!" Sifa akaniangalia. Hakuwa amewahi kuitwa hivyo. Halafu akainama kwenye simu akasema polepole, "Karibu," kama mtu amebishiwa hodi. Simu ikakatika.

Na huku nyuma yetu mlango mwingine ulikuwa umefunguka ambao hakuna aliyeutegemea. Lile tangazo lilisambaa kuliko picha yenyewe, na mama wengine wakaanza kutuma sauti. Kutoka kambini, kutoka Burundi, kutoka vijiji vya huku huku. Tunasikia shule yenu inapata watoto. Wangu ni wa kiume, alikuwa amevaa kaptula nyekundu. Wangu hakuweza kutamka jina lake vizuri. Wangu alimfuata mbuzi. Mimi nilikuwa nafungua simu kujibu swali la sare nakuta mwanamke analia. Nilikuwa sijafundishwa kazi hiyo, na hakuna wa kunifundisha.

Nitawaambia nilichojifunza mwenyewe, kwa sababu na ninyi yatawafika, kama si haya basi mengine. Usimwambie mtu "tutamtafuta" kama huna miguu ya kumtafutia. Mwambie, nimekusikia, nimeandika jina. Halafu uandike kweli. Usimjibu kwa ile picha ya mikono inayosali. Jibu kwa sauti yako. Na sauti zao msizifute hata simu ikijaa. Ondoeni picha za mahafali kwanza. Mimi nilizihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu, moja baada ya nyingine, na nilikuwa nikimaliza natoka nje kukaa kwenye ngazi.

Zaina alikuja. Alikuwa amejiandikisha kambini kwamba anarudi nyumbani kwa hiari yake, akarudisha kadi yake ya chakula. Mnajua maana yake: ukishairudisha, hurudi tena. Alipanda boti Kigoma akashukia Baraka na mzigo mmoja na sanduku dogo la nguo za msichana.

Promoteur alitaka kuja na simu. Nilimwambia, simu ikitoka mfukoni mwako, mimi natoka kazini. Alikuja bila simu, na shati safi. Tulikaa uani kwa Mama Anyesi: yeye, mimi, Promoteur, na Sifa. Mtoto alikuwa ameshafunga mkoba wake. Aliuweka kati ya miguu, ameuegemeza magotini. Hatukumwambia aufunge. Mama Anyesi hakuuangalia mkoba ule hata mara moja. Alikuwa ameamka kupika samaki wa mikeke na bugali, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Zaina aliingia anacheka. Nilimwona tangu kwenye kona, mwanamke mwembamba, anatembea karibu kukimbia, na majirani wanamwonyesha njia. Alipofika uani akasimama. Sifa naye akasimama, akapiga goti kumsalimia.

Zaina akamtazama. Kicheko hakikutoka usoni mara moja. Kilibaki pale, lakini macho yaliondoka. Akachuchumaa mbele ya mtoto, akaomba kwa mkono, akapandisha upindo wa sketi mpaka juu ya goti la kushoto. Akapitisha kidole kwenye kovu.

"Hii ni ya jiwe," akasema.

"Alianguka kwenye njia ya shamba," Mama Anyesi akajibu. "Nilikuwa niko naye."

"Ya Mwajuma ilikuwa ya moto. Uji. Sufuria ilimumwangikia. Ngozi ilijikunja." Akainua macho usoni kwake. "Kwenye picha nilimuona mama yangu. Kabisa. Hapa… hapa namuona huyu."

Kuku mmoja alipita katikati yetu akidonoa, na nakumbuka nilimchukia.

Zaina akashika mikono yote miwili ya Sifa.

"Mi siko mama yako, binti yangu. Unisamee. Nimekusumbua."

Sifa hakulia. Alivuta pumzi, akajinyoosha, akainua kidevu juu kidogo, kama mtoto anayepigwa picha.

"Angalia tena," akasema.

Zaina akamwangalia tena. Ninawaambia alimwangalia, hakufanya kwa kumridhisha tu. Alimwangalia paji la uso, masikio, meno, alimgeuza mkono akaangalia kiganja. Alitafuta kwa moyo wote. Halafu akatikisa kichwa, na hapo ndipo yeye alipoanguka, si yule mtoto. Mama Anyesi ndiye aliyemwinua. Walikaa chini kwenye mkeka, mama wawili, wameshikana, na sikujua ni yupi anambembeleza mwenzake.

Tulikula. Ilikuwa imepikwa, na kuikataa ingekuwa tusi jingine. Promoteur alimega tonge moja akalishika mkononi mpaka tulipomaliza.

Jioni ile alifuta tangazo. Aliandika jingine, la kusema tulikosea. Lakini watu walikuwa wameshalinakili lile la kwanza, wakaliweka kwenye kurasa zao, wakaongeza nyimbo. Habari ya furaha huwa na injini, vijana. Ya kusahihisha inaenda kwa kasia. Miezi mingi baadaye mtu wa Amerika alinipigia kunipongeza kwa yule mama na yule binti. Nilimweleza. Akasema, "Lakini ile ya kwanza ilikuwa nzuri."

Zaina hakuwa na kambi ya kurudia. Alikwenda Ubwari kwenye kiwanja cha kaka zake, akajengewa chumba mahali ambapo mihogo ilikuwa imeshaota. Yuko huko mpaka leo. Lile sanduku la nguo aliliacha kwa Mama Anyesi, akisema nguo zitaliwa na mende bure. Sifa hakuzivaa.

Na shule? Mwaka ule madarasa yalijaa. Tuliongeza benchi. Ninawaambia kwa sababu hakuna atakayewaambia: ilifanya kazi. Ukiipima kwa benchi, lile tangazo ndilo bora kuliko yote tuliyowahi kuweka.

Sifa hakuwepo kwenye benchi hizo. Hakuweza kupita sokoni. Watu, kwa wema wao kabisa, walimsimamisha: si wewe yule wa kwenye simu? Mama yako alifika? Mungu ni mkubwa! Alijibu mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaacha kutoka. Mama Anyesi akampeleka Swima kwa dada yake, asome huko ambako uso wake haujulikani sana. Nilimwona Mama Anyesi siku alipotoka kumsindikiza. Alikuwa amekaa kwenye meza yake ya ndagala, hajapanga kitu.

"Ameniaga," akaniambia. "Amesema, bakia muzuri, Mama Anyesi."

Mimi niliendelea na kazi. Sikuweka tena uso wa mtoto mmoja. Niliwapiga picha watoto kwa nyuma wakiingia darasani, mikono ikiandika, miguu ikicheza mpira. Promoteur hakunibishia. Wenzangu wa shule nyingine walinicheka, wakasema ukurasa wangu ni wa watu wasio na vichwa. Waliocheka wana wanafunzi wengi. Siwezi kuwadanganya.

Nimestaafu sasa. Macho yana utando, nasoma herufi kubwa tu. Kadi yenye zile sauti nilitoka nayo, kwa ruhusa ya Promoteur. Alisema hawezi kuishika mkononi.

Miezi michache iliyopita, mchana, nilisikia hodi. Alikuwa msichana mrefu, kitambaa kichwani, mwanya palepale kwenye meno. Alikuwa amerudi Baraka kumuuguza Mama Anyesi, ambaye miguu yake imeanza kuvimba. Aliponisimulia alisema, "Mama anaendelea muzuri kidogo." Alisema Mama. Sikuuliza ilirudi lini.

Alikunywa maji. Aliangalia ukuta. Halafu akasema:

"Mama Sekretere, zile sauti za bale bamama… ungali nazo?"

Nikamwambia ninazo.

"Naweza sikiliza? Labda kuko mumoja ananitafuta mi."

Nilileta simu, nikaweka kadi, tukakaa kwenye kizingiti ambapo kuna hewa. Tukaanza. Kila sauti ikiisha namwangalia, anatikisa kichwa, naweka nyingine. Wengine walitafuta wakubwa mno, wengine walitaja mwaka ambao haupatani, wengine waliwaacha watoto porini, mbali na ziwa. Hakuna hata mmoja aliyetaja mchanga wa Mboko. Nilikuwa nimeshajua, nilizisikiliza zote zamani. Lakini hilo si jambo la kumwambia mtu kabla hajasikia mwenyewe.

Ikafika sauti ya mwanamke mmoja mwenye kikohozi, anayeongea taratibu, kama anaongea na mtoto aliyelala. Alikuwa anatafuta kijana wake wa kiume. Mwishoni hakutuambia sisi tena, aliongea na mtoto mwenyewe: kama unasikia hii sauti, kula, usiningoje mi nifike, kula kwanza.

Ikaisha. Nikaweka kidole kwenye inayofuata.

"Rudisha hiyo," Sifa akasema.

"Huyo anatafuta mtoto wa kiume, mwanangu."

"Nimesikia," akasema. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango, amefumba macho. "Urudishe tu."

Nikarudisha.